Picha ya mnyama imetoka na rangi ya ajabu au mwanga mbovu? Tafuta chanzo kabla hujagusa slaida

Juzi jioni tumekaa kempu pale Seronera, katikati ya Serengeti, mgeni wangu mmoja kanigeuzia laptopu anionyeshe kazi ya siku nzima, picha kama elfu mbili hivi, na simba wake karibu wote ni wa kijani. Sio kijani cha kutafuta kwa tochi, kijani cha parachichi kabisa. Na alishaanza kutibu: kasukuma slaida ya njano (kile kitelezo cha kurekebisha kwenye programu) mpaka mwisho, akaona haitoshi akabandika filta, akaona bado akaanza kuilaumu kamera. Nikamuuliza, ulipiga ukiwa umefungua dirisha? Akasema hapana, vumbi lilikuwa jingi. Basi jibu ndo hilo, kioo cha gari kina tinti ya kijani, ukipiga kupitia kioo siku nzima utapata simba wa kijani siku nzima. Dawa yenyewe ilikuwa slaida moja, tena kidogo tu, ila tulitumia karibu saa nzima kuondoa kwanza madawa aliyokwisha kumnywesha mgonjwa kabla hajajua anaumwa nini.

Mi ni dereva guide kwahiyo akili yangu ni ya kifundi fundi. Gari ikikosa nguvu mlimani huanzi kushusha injini, unaangalia kwanza filta ya dizeli. Picha hivohivo. Karibu kila anayenilalamikia "rangi mbaya" shida yake ya kwanza sio rangi, ni mwanga, ekspoja, yani kiasi cha mwanga kwenye picha, ilikuwa chini au juu na rangi ikaharibika kwa kufuata mkumbo. Manyoya ya simba yakiwa giza yanaonekana kahawia chafu, ukiyafungulia mwanga yanarudi dhahabu bila kugusa rangi hata kidogo. Ndo maana mpangilio wangu haubadiliki: ekspoja kwanza, waiti balansi (kuweka weupe uwe mweupe kweli) ya pili, rangi moja moja mwisho kabisa, na mara nyingi huko sifiki. Ukianza na rangi afu ndo urudi kwenye mwanga utazunguka palepale kama gari iliyozama kwenye tope la Ndutu mwezi wa nne.

Je, ni picha au ni skrini?

Anza hapa, ni bure. Zima ile modi ya usiku inayofanya skrini iwe njano njano jioni. Nimeiona hii mara nyingi mno, mtu anaediti saa tatu usiku, skrini imejigeuza yenyewe, yeye anaona picha ina joto sana anaipooza kwenda bluu, asubuhi anafungua anakuta tembo kama wamemwagiwa wino. Mwangaza wa skrini nao, ukiwa umefunguliwa mpaka mwisho picha ya giza itaonekana iko poa tu. Weka katikati, kaa sehemu ambayo mwanga hauchezi chezi, usiediti ukiwa juani kwenye gari.

Afu fungua histogramu, kale kamlima kadogo pembeni. Kushoto ni giza, kulia ni mwanga. Mlima ukigonga ukuta wa kulia ujue kuna weupe umeungua, ukigonga wa kushoto kuna weusi umezama. Histogramu haijali skrini yako ni ya bei gani, kwahiyo macho yako na histogramu vikibishana, isikilize histogramu. Angalizo moja: ile ya nyuma ya kamera inatengenezwa kutokana na JPEG ndogo (picha iliyokwisha kupikwa na kamera) hata kama unapiga raw (data ghafi ya kamera), so ikikwambia imeungua kidogo mara nyingi kwenye raw bado kuna kitu kimebaki.

Na swali la mwisho kabla hatujaingia ndani, umepiga raw au JPEG? JPEG ina biti 8, yani ngazi 256 tu za mwanga kwa kila rangi, raw ya biti 14 ina ngazi 16,384. Ndo tofauti ya kuwa na shilingi mia mfukoni na kuwa na mshahara. JPEG waiti balansi yake imeshapikwa ndani, utaihamisha kidogo ila ukivuta sana anga linaanza kukatika mistari mistari. Mengi ninayosema hapa yanawezekana vizuri kwenye raw, kwenye JPEG yanawezekana nusu. Programu sio lazima ulipie, darktable na RawTherapee ni za bure na zinafungua raw, na kwenye simu Snapseed inafungua faili za DNG, ambazo ni aina ya raw.

Nyati amekuwa wa kijivu, yangeyange naye wa kijivu

Hawa wawili wana ugonjwa mmoja ingawa dalili zinaonekana kupingana, mmoja kapauka mwingine kafifia. Chanzo ni mita ya kamera, ile inayopima mwanga. Mita haijui nyati ni nini. Yenyewe imefundishwa kwamba dunia kwa wastani ni ya kijivu cha kati, kwahiyo chochote unachoionyesha inakivuta kije kwenye kijivu. Nyati mweusi akijaa fremu nzima inasema hapa giza, inaongeza mwanga, nyati anatoka kama kamwagiwa majivu. Kundi la yangeyange au pelikani likijaa fremu inasema hapa pameangaza mno, inapunguza, ndege mweupe anatoka na rangi ya sementi.

Kwenye kuediti ni rahisi: nyati shusha ekspoja kati ya theluthi mbili ya stopu na stopu moja na kidogo (stopu moja ni kuzidisha mwanga mara mbili au kuukata nusu), afu shusha na bleki kidogo tu mpaka weusi urudi, ila acha uone bado mikunjo ya ngozi na tope lililokauka. Yangeyange pandisha mpaka mlima wa histogramu ukaribie ukuta wa kulia bila kuugonga. Ukiwa bado porini ni kile kitufe cha alama ya kujumlisha na kutoa, nyati toa, ndege weupe jumlisha.

Sasa hapa ndo watu wengi wanapotea, na mimi nilipotea miaka. Mtu kashika kanuni "ndege mweupe ongeza mwanga", anafika bwawani anakuta yangeyange mmoja mdogo amesimama kwenye maji meusi ya kiboko, anaongeza stopu moja, ndege anaungua anakuwa kama tundu kwenye karatasi. Kwasababu gani? Kwasababu mita haikumuona ndege, ndege ni kipande kidogo, iliona maji meusi, na kwa maji meusi ilishaongeza mwanga yenyewe, afu wewe ukaongeza tena juu yake. Pale ulitakiwa upunguze. Kwahiyo swali sio mnyama ana rangi gani, swali ni nini kimejaa kwenye fremu. Hii sentensi ukiielewa umeshatatua nusu ya matatizo ya mwanga porini, mengine ni kumalizia.

Na mtihani wa kufunga mwaka ni yangeyange aliyepanda mgongoni kwa nyati. Mweupe juu ya mweusi, saa nne asubuhi jua kali. Hapo huwezi kuwaridhisha wote, chagua mweupe. Weka ekspoja ya ndege asiungue, nyati aende giza, afu nyumbani fungua shedo (slaida ya sehemu za giza) umtoe nyati gizani. Weusi uliozama kidogo unafufuka, weupe ulioungua haufufuki.

Weupe umeshaungua, kuna tiba?

Inategemea umeungua kiasi gani. Vuta slaida ya hailaiti, ile ya sehemu zenye mwanga mkali, chini mpaka mwisho, uangalie. Manyoya yakianza kurudi na mistari yake, kati ya chaneli tatu za rangi, nyekundu, kijani na bluu, moja au mbili tu ndo zilijaa, programu inabuni iliyobaki kutokana na ile nyingine. Ikirudi kijivu tupu bila umbile lolote, kama plasta ukutani, basi chaneli zote tatu zilijaa, hamna data pale, hata uite mganga. Wengine hapo wanaona doa la pinki linatokea kwenye weupe, hiyo ni chaneli ya kijani imejaa kabla ya wenzake, darktable ina moduli maalum ya kujenga upya hailaiti na inaisaidia sana hiyo.

Heroe wana kesi yao peke yao. Umeenda Manyara au maziwa ya Momela pale Arusha National Park, jua linazama, histogramu inaonyesha kila kitu salama, nyumbani unakuta heroe wamekuwa kama midoli ya plastiki, pinki moja iliyolala, hamna manyoya. Hapo kilichoungua ni chaneli nyekundu peke yake. Histogramu ya kawaida, ile nyeupe moja, ni wastani wa rangi zote tatu so nyekundu inaweza kugonga ukuta na wastani ukakwambia hamna shida. Weka kamera ionyeshe histogramu ya rangi tatu tofauti. Kwa picha uliyonayo tayari, shusha ekspoja nusu stopu hivi, shusha sacharesheni (ukali wa rangi) ya nyekundu tu sio ya picha nzima, kama kulikuwa na umbile lolote chini yake litatokea. Jambo lilelile linawapata chozi na ndege wengine wadogo wenye wekundu mkali, na machweo yenyewe.

Chui juu ya mti, anga jeupe, chui mweusi

Hii ndo picha inayovunja mioyo zaidi Serengeti kwasababu chui wenyewe unaweza kukaa siku tatu hujaona, leo unamkuta kwenye tawi la mwegea amelala miguu inaning'inia, mawingu nyuma yake meupe kama shuka, unapiga picha mia mbili na zote ni kivuli cha chui. Mita imeona anga, ikafunga mwanga.

Ukiwa hapo hapo jumlisha stopu moja na nusu mpaka mbili, au tumia spoti mita umpime yeye mwenyewe mwilini, anga likiungua liungue, hakuna aliyekuja kuangalia wingu. Nyumbani kama umechelewa, usipandishe ekspoja ya picha nzima, chora maski, yani eneo litakalobadilika peke yake, ya mnyama tu (Lightroom siku hizi inamtambua mnyama yenyewe, darktable utachora kwa mkono na ni sawa tu) upandishe ndani ya maski. Usiende zaidi ya stopu mbili kama unaweza kujizuia, kwasababu utakutana na wageni wawili.

Mgeni wa kwanza ni chenga, kama zile za TV ya zamani antena imepinduka. Watu wanadhani chenga zinaletwa na ISO kubwa (ile namba ya kuongeza usikivu wa kamera kwa mwanga), kwa hiyo wanang'ang'ania ISO 400 gizani wakidhani wanaokoa picha. Chenga zinaletwa na mwanga kidogo. Picha ya ISO 3200 iliyopata mwanga sawasawa kwa kawaida ni safi kuliko ya ISO 400 uliyoivuta stopu tatu kwenye kompyuta, hasa kwa kamera za zamani ambazo ukivuta shedo zinaanza kutoa na mistari ya kulala. Ukipunguza chenga anza na zile za rangi, vidoti vyekundu na vya kijani, hizo ziondoe zote bila huruma, ila zile za mwanga acha kidogo maana ukizifuta zote manyoya ya chui yanakuwa kama kapeti la vinyl.

Mgeni wa pili ni utepe wa zambarau kwenye kingo za matawi yanayokutana na anga jeupe. Hiyo ni lenzi, sio wewe. Kuna kisanduku cha kuondoa kwenye sehemu ya marekebisho ya lenzi, weka tiki usonge mbele.

Ukiona haipandi kabisa, igeuze iwe siluweti. Shusha bleki, acha chui awe mweusi tii na mkia unaning'inia. Siluweti ya makusudi ni picha, kivuli chenye chenga sio picha.

Rangi imelala upande mmoja

Sasa mwanga umeshakaa sawa, picha bado ina rangi ya ajabu. Hapa nauliza ilipigwa wapi na saa ngapi, kwasababu kila rangi iliyozidi ina makazi yake.

Bluu inakaa kivulini. Saa saba mchana simba wamelala chini ya mgunga, jua haliwafikii, kinachowaangazia ni anga la bluu, lazima watoke na ubluu. Jua la mchana ni kama Kelvini (kipimo cha joto la rangi) 5,200 mpaka 5,500, kivuli kinaenda 7,000 mpaka 8,000, kwahiyo peleka tempu, slaida ya bluu na njano, huko. Shida ni kwamba nyasi zilizo juani nyuma yao nazo zitageuka njano ya manjano ya kupikia pilau, so fanya waiti balansi ya picha nzima kwa ajili ya nyasi, afu simba wape joto lao ndani ya maski. Ila bluu ya alfajiri kabla jua halijachomoza iache, ile ni kweli, ndivyo palivyokuwa.

Kijani kinakaa msituni na kwenye vioo. Msitu wa getini pale Manyara, au Mahale ukifuata sokwe, mwanga wote umechujwa na majani, unatoka na ukijani kwenye nyuso na mikono. Slaida ya tempu haigusi hiyo, utahangaika nayo bure, inayogusa ni tinti, slaida ya kijani na magenta (pinki ya zambarau), isukume kuelekea magenta kumi mpaka ishirini hivi uangalie ngozi. Na kuna kijani cha chini, baada ya masika nyasi zimeota, swala pala akisimama juani tumbo lake jeupe linatoka kijani kwasababu nyasi zinarudisha mwanga kwa chini. Hiyo sio kosa la kamera wala lako, punguza kidogo kwa brashi pale tumboni au iache, mi huwa naipunguza nusu tu.

Bluu ya picha nzima, tena siku nzima, hata juani, hiyo ni mipangilio. Naijua vizuri kwasababu imenikuta. Usiku tulikuwa na bethdei ya mgeni lodge, nikaweka waiti balansi ya balbu nipige keki, nikasahau. Kesho yake nimeshuka kreta ya Ngorongoro asubuhi, faru yule, mwenye mtoto, umbali mzuri kabisa, na ilikuwa JPEG tupu kwasababu memori kadi ilikuwa imebaki ndogo. Faru wa bluu mwenye mtoto wa bluu. Niliokoa mbili kwa kuzigeuza blaki endi waiti. Tangu siku hiyo napiga raw na waiti balansi inakaa kwenye alama ya jua, haitoki.

Na hapo nina ugomvi na oto. Oto waiti balansi kazi yake ni kuondoa rangi iliyozidi, haijui kwamba saa kumi na mbili na nusu asubuhi ile rangi iliyozidi ndo uliyoamkia saa kumi usiku kuifuata. Inaipoza. Unarudi na jua la asubuhi linalofanana na la saa tano. Kama ulipiga raw, rudisha tempu kwenye 5,500 hivi uone dhahabu inavyorudi yenyewe, hamna haja ya filta ya machweo.

Tembo nao ni mtego. Mtu anapiga tembo wa Tsavo kule Kenya, au hawa wa Tarangire wakitoka kujimwagia vumbi, anaona wekundu, anaona "kuna kasti", yani rangi iliyozidi, anachukua kale kadude ka kuchagua kijivu anabofya mgongoni kwa tembo akijua tembo ni wa kijivu. Picha nzima inageuka bluu ya kijani, anga linakuwa la ajabu, nyasi zinakufa. Tembo wale wekundu ni wao kweli, udongo wa Tsavo ni mwekundu na wanajipaka kutwa. Usimuogeshe tembo kwenye Lightroom. Pundamilia naye usimwamini sana kwa kubofya, mistari yake myeupe mara nyingi ina vumbi la kahawia, ukibofya pale picha inapoa kuliko ukweli. Bofya wingu la kijivu kama lipo, bampa ya gari jingine la kijivu kama liliingia kwenye fremu, au fanya kama mimi, nina kadi ya kijivu kwenye mfuko wa mlango, mwanga ukibadilika naipiga picha moja, nyumbani nabofya hiyo afu nakopi kwenda kwa nyingine zote. Inachukua sekunde tatu.

Rangi moja moja ndo sasa unaweza kugusa, na mkono uwe mwepesi. Tumia vaibransi kuliko sacharesheni, maana vaibransi inaanza na zile rangi zilizofifia na kuziacha zilizokwisha shiba. Kwezi wale wa bluu inayong'aa ukiwapandisha sacharesheni hata kidogo wanapoteza mng'ao, wanakuwa kama wamepakwa rangi ya mlango. Na kama una mpango wa kupeleka picha mashindanoni, yale makubwa kama Wildlife Photographer of the Year huwa yanataka kuona faili ya asili, kwahiyo nyasi ulizozifanya za Ireland wakati ni Septemba zitakuaibisha.

Picha imepauka kama imemwagiwa maziwa

Chukua kwanza lenzi uiangalie. Serious. Kuanzia mwezi wa saba mpaka wa kumi vumbi linakaa kwenye kioo cha mbele na jua likija kwa mbele picha nzima inapata ukungu, unakuja kulalamikia kontrasti kumbe ni kitambaa tu. Filta za bei rahisi nazo zivue.

Kama lenzi ni safi basi ni hewa: vumbi, moshi wa nyasi zinazochomwa, au ukungu wa asubuhi kreta. Vuta bleki kushoto kwanza mpaka mlima wa histogramu ufike karibu na ukuta, mara nyingi hiyo peke yake inatosha. Dihezi, slaida ya kuondoa ukungu, tumia mwisho na kidogo, kumi, kumi na tano, kwasababu inatia giza na inapandisha rangi bila kukuuliza, ukifika hamsini swala tomi wanakuwa wa chungwa. Ikibidi uende mbali, rudisha ekspoja juu na sacharesheni chini baada yake.

Ila kama kingo za mnyama zinacheza cheza kama anaonekana kupitia maji ya moto, hayo ni mawimbi ya joto toka ardhini, hapo hamna slaida. Ni kusogea karibu au kurudi asubuhi.

Picha za mfululizo hazifanani

Duma anakimbia Ndutu, umepiga picha arobaini kwa mkupuo, ya kwanza ina mwanga, ya kumi giza, ya kumi na tano imeungua. Ni mita ileile, mara anapita kwenye nyasi, mara anga limeingia, mara vumbi, inabadilisha mawazo kila sekunde. Jua likiwa halina wingu weka manyua (upange mwenyewe) kila kitu pamoja na ISO, pima mara moja kwenye nyasi zilizo juani, usiguse tena mpaka jua libadilike. Kwa hizo ulizonazo, rekebisha moja mpaka ikupendeze, Lightroom ina amri ya kulinganisha ekspoja ya zote ulizochagua na ile moja, ambayo ni tofauti na kukopi mipangilio. Ukikopi tu unaongeza kiasi kilekile kwa zote na hazikuwa sawa toka mwanzo.

Laptopu ilikuwa safi, kwenye simu ya watu imekufa

Rangi ikififia baada ya kutuma au kupakia, karibu kila mara ni spesi ya rangi, yani upana wa rangi ambazo faili inabeba. Ulieksporti Adobe RGB, simu au programu ya yule uliyemtumia ikaisoma kama sRGB, nyekundu na kijani zote zikapoa. Eksporti sRGB kwa kila kinachoenda kwenye skrini. Na WhatsApp usitume kama picha, tuma kama dokumenti, vinginevyo inakubana picha mpaka manyoya yanakuwa ugali.

Ikitoka giza kwenye kuprinti, hata kama rangi ziko sawa, basi rudi kule juu kwenye mwangaza wa skrini. Karatasi haina taa nyuma yake. Shusha skrini mpaka ukurasa mweupe ulio wazi ufanane na karatasi nyeupe uliyoishika pembeni yake mezani, angalia picha yako hapo, utaona wanachokiona stodio. Afu tengeneza kopi ya kuprinti uipandishe theluthi au nusu stopu, uprinti kwanza kipande kidogo cha sehemu yenye giza zaidi, jicho la nyati ni kipimo kizuri, kama unaona kile kinukta cha mwanga ndani ya jicho na bado unaona kope, waambie waprinti kubwa.